Hita ya gesi inaandika E1 kila alfajiri, fundi anataka laki na ishirini abadilishe bodi. Wajuzi wa Dodoma njooni

Kisima Kikavu (mleta uzi)

Wakuu habari za asubuhi. Wenyeji mbukwenyi.

Nipo Nzuguni, nimehamia kwangu mwezi wa nne baada ya kupanga Ipagala miaka sita. Nikasema sasa na mimi nioge kama binadamu, nikafunga hita ya gesi ile ya kuning'iniza ukutani ya lita 10, ya kichina, jina lake sijawahi kulitamka likatoka zima. Nilichagua gesi maana hita ya umeme kule nilikokuwa napanga ilikuwa unaweka LUKU asubuhi jioni mita inalia.

Mwezi wa nne, wa tano, haina neno. Baridi hii ya wa sita na wa saba ilivyoanza ndo vituko. Saa kumi na moja na nusu alfajiri naingia mimi, naoga fresh. Anaingia mama watoto, naye anamaliza. Akiingia huyu wa darasa la tano akishajipaka sabuni tu maji yanageuka barafu, tunasikia mayowe, nikikimbia naona kioo kimeandika E1. Nazima nawasha, inafanya tatatata haishiki, E1. Tunamalizia na sufuria. Alafu jioni nikirudi kutoka Mtumba nafungua maji inawaka kama haijawahi kukosea maishani.

Jana nikaita fundi, kaja saa tisa mchana, kafungua maji ikawaka (bila shaka), nikamwonesha picha ya E1 kwenye simu akaniambia "mzee hiyo ni kodi ya hitilafu", nikadhani TRA wameingia mpaka bafuni. Kasema E1 maana yake bodi imekufa, laki na ishirini, hela ya kufunga pembeni. Nikamwambia nitampigia.

Swali langu ni moja tu, bodi iliyokufa inafufukaje kila jioni?

Mzee wa Miyuji

Mwanaume wa Dodoma unaoga maji ya moto? Hayo tunawaachia wanaume wa Dar. Sisi tumekulia hapa, alfajiri mwezi wa saba unachota maji kwenye pipa unajimwagia unatoka unatoa moshi kama treni.

Zabibu Mbichi

@Mzee wa Miyuji ndo maana mgongo wako hauishi kuuma, mwombe tu akufungie na wewe

Mleta uzi badilisha betri. Hizo hita zina betri mbili kubwa zile za tochi, zinakuwa kwenye kasanduku chini. Yangu ilinisumbua hivyohivyo wiki mbili, kumbe betri.

Kisima Kikavu

@Zabibu Mbichi nimebadilisha jumapili, mpya kabisa, jumatatu alfajiri E1. Na cheche naisikia kabisa inagonga kwa nguvu.

Fundi Bomba Ilazo

Mkuu achana na habari ya bodi kwanza. Mi hizi hita nazifunga hapahapa Dodoma nishazifungua nyingi tu. Watu hawaelewi kitu kimoja, hiyo namba haitaji kifaa kilichokufa. Inataja kitu ambacho hita ilikuwa inakisubiri ikakikosa.

Ukifungua maji kuna kidude kinahisi maji yanatembea, kinaamsha bodi, bodi inarusha cheche na kufungua valvu ya gesi, alafu inasubiri sekunde chache ione kama moto umeshika. Sasa bodi haina macho, inaangalia kupitia kasindano kamoja kamesimama kwenye moto, ule moto unapitisha umeme kidogo mno kwenda kwenye chuma, bodi ikiusikia huo umeme inajua moto upo, isipousikia inafunga gesi fasta isije ikajaza nyumba. Hapo ndo inakuandikia E1. Kwahiyo kwenye hita nyingi za kichina E1 ni "nimesubiri moto sijauona". Basi. Kwanini haukuwepo haijui. Inaweza ikawa gesi haifiki, inaweza ikawa kasindano kana masizi (hako unakapitishia msasa laini kanarudi), waya umelegea, au buibui kajenga kwenye vitundu vya kutolea moto, hili Dodoma ni kila siku. Bodi mi huwa naifikiria mwisho kabisa nikishamaliza vyote.

Na nimesema nyingi, sio zote. Nishakutana na hita E1 yake ni sensa ya joto la maji, haina uhusiano na moto. Angalia stika ubavuni au kile kikaratasi kilichokuja kwenye boksi, kama hujafungia nyanya. Weka picha hapa.

Kisima Kikavu

Fundi ubarikiwe. Stika ipo, imeandikwa kichina na kiingereza cha kuungaunga, ila E1 wameweka kuwaka kumeshindikana, kwahiyo ni kama ulivyosema. Chini wameandika 2800Pa sijui ndo nini.

Fundi Bomba Ilazo

Hiyo ni presha ya gesi inayotaka, ni kama milibari 28, regulata ya kawaida ya nyumbani inatoa hapohapo 28 mpaka 30. Usije ukadanganywa ufunge ile ya majiko ya hoteli.

Chifu wa Kisasa

Mi nilikuwa nataka kumshauri hiyohiyo ya hoteli hahaha. Jirani yangu kafunga na inawaka kama ndege.

Fundi Bomba Ilazo

@Chifu wa Kisasa mwambie jirani yako aitoe leo, sio kesho. Moto ukizidi unatoka nje ya chumba chake unaunguza waya na valvu, na hauchomi gesi vizuri, anaoga na moshi. Sitanii.

Kijana wa Udom

Bro hizo hita zina taima, zikifika dakika 20 zinajizima zenyewe ili mtu asijisahau. Ninyi mnaoga watu watatu mfululizo hamfungi maji, hesabu zinakubali.

Mama Tausi

Hili la taima kweli lipo, ya kwangu inazima dakika 20 kamili. Lakini ya kwangu ikizima nikifunga koki nikafungua inawaka papohapo. Ya kwake anasema haishiki kabisa.

Kisima Kikavu

Leo nimefanya kazi ya kishamba, nimekaa nje ya bafu na simu nimewasha saa. Mimi dakika nne, mama watoto sita na sekunde, mtoto kaingia dakika moja na nusu E1. Jumla haifiki hata 12. Kwahiyo taima hapana. Na ni kama Mama Tausi alivyosema, haishiki mpaka ipumzike kama nusu saa hivi.

Mtanganyika Leicester

Wakuu nimecheka huu uzi maana nipo huku Uingereza na mimi nimelala na boila limeandika namba. Huku boila ni mnyama mwingine, linachemsha maji ya kuoga na hapohapo linazungusha maji ya moto kwenye vyuma vya ukutani kupasha nyumba, kwahiyo namba zake ni nyingi. Na kila kampuni ina lugha yake: kwenye Vaillant F.22 ni maji yamepungua kwenye mfumo na F.28 ni limejaribu kuwasha likashindwa, ukienda Ideal Logic maji kupungua ni F1 na moto kukosekana ni L2, ukienda Baxi maji ni E119 na moto E133. Jambo lilelile, majina matatu. Ndo maana mtu anayeuliza "F1 ni nini" bila kutaja boila gani anaishia kupata majibu kumi ya uongo.

Ya maji kupungua unaitibu mwenyewe, unaangalia saa ya presha, likiwa baridi linatakiwa liwe kati ya bar 1 na 1.5, unafungua kile kijibomba cha kujazia taratibu linapanda unafunga. Ila likishuka tena baada ya wiki ujue kuna mahali linavuja, usiendelee kujaza kila siku kama unanywesha ng'ombe.

Sasa mwaka wangu wa kwanza huku likaniandikia la kushindwa kuwasha, theluji nje, nikapiga simu kwa mafundi nikatajiwa bei nikakaa chini. Mwenye nyumba wangu, mzee wa kijamaika, akaja akaniuliza swali moja, "gesi umelipia?" Mita ya gesi ilikuwa ya kulipia kabla, kama LUKU yenu hiyo. Salio sifuri. Boila zima, bodi nzima, gesi hakuna. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hadithi fupi mkuu, namba ikisema moto hakuna, anza na gesi yenyewe.

Zabibu Mbichi

😂😂 LUKU ya gesi. Kumbe mateso ni yaleyale tofauti makoti.

Mzee wa Miyuji

Na theluji huwa haligandi hilo boila lenyewe?

Mtanganyika Leicester

Linaganda mzee wangu, shikamoo. Sio lenyewe, ni kile kijibomba cha plastiki kinachopeleka nje maji yanayotokana na moshi uliopoa. Maboila ya sasa yanapoza moshi wake ili yasipoteze joto, yale maji yanatokea nje ukutani, baridi ikishuka chini ya sifuri yanaganda, boila linajaa linagugumia gulugulu alafu linajifunga. Unamwagia maji ya uvuguvugu pale nje (sio ya kuchemka, plastiki itapasuka), unabonyeza kitufe cha kuwasha upya linaamka. Ila ukifika ndani kwenye mambo ya gesi, sheria ya huku hairuhusu fundi yeyote tu kugusa kwa kulipwa, lazima awe kwenye rejista inaitwa Gas Safe, anatembea na kitambulisho chenye picha. Zamani, kabla ya 2009, ilikuwa CORGI.

Fundi Bomba Ilazo

Mtanganyika kanikumbusha, gesi yenyewe. Mleta uzi nijibu haya usiruke hata moja. Mtungi wako ni kilo ngapi? Umekaa wapi? Na hii shida inakuja mtungi ukiwa mpya au ukishatumika tumika?

Kisima Kikavu

Mtungi mdogo wa kilo 6. Upo nje nyuma ya ukuta wa bafu, mpira umepita kwenye tundu. Hilo la tatu umenifanya nifikirie... Mtungi ukitoka kujazwa siku kama tatu nne za kwanza hatusikii kelele za mtoto. Aisee. Sikuwahi kuliunganisha hilo.

Fundi Bomba Ilazo

Kesho alfajiri mtoto akipiga yowe usiende kwenye hita. Nenda nje ukaushike mtungi kwa kiganja, chini kule kwenye usawa wa gesi. Njoo uniambie.

Chifu wa Kisasa

Tupo hapa tumekaa kama tunasubiri matokeo ya darasa la saba.

Kisima Kikavu

Wakuu mrejesho. Mtungi ni wa baridi kama chupa ya soda iliyotoka chini kabisa ya friji. Una jasho nje. Nimeshika juu una baridi ya kawaida, nimeshika chini nimetoa mkono. Fundi wewe ni mchawi.

Fundi Bomba Ilazo

Sio uchawi mkuu ndo gesi ilivyo. Ndani ya mtungi ile kitu ni maji maji, inageuka gesi kwa kuvuta joto kwenye mtungi wenyewe. Jiko la plate moja kubwa linakula kama gramu 200 kwa saa, mtungi hausikii. Hita yako ya lita 10 ukiifungua mwisho inakula kama kilo moja na nusu kwa saa, hiyo ni plate saba zinawaka pamoja! Kamtungi ka kilo 6 hakawezi kupata joto kutoka hewani kwa kasi hiyo, kanapoa, kakipoa gesi inazaliwa kidogo, presha inashuka, moto unasinyaa, bodi haiuoni, E1. Mnasubiri nusu saa mtungi unapata joto tena, inawaka. Jioni Dodoma jua limeupiga mtungi mchana kutwa na mnaoga mmoja mmoja kwa muda tofauti, kwahiyo huoni shida. Alfajiri mwezi wa saba huku kwetu unaanza na nyuzi 13, 14, hauna hata pa kuanzia.

Na kwanini mtungi mpya hausumbui: gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni jeuri, inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ni mvivu, ikikaribia sifuri inalala kabisa. Ukitumia mtungi propani ndo inatangulia kutoka kwa wingi, wavivu wanabaki chini. Kwahiyo mtungi ulioenda nusu ni mgumu zaidi sababu kilichobaki ni kidogo na ni kizito kuamka.

Fundi wako angekufungia bodi mpya saa tisa mchana, jua kali, ingewaka, angechukua hela yake akaondoka. Na kesho yake alfajiri mngesema hata bodi mpya ni mbovu. Sisemi ni mwizi, wengine wamefundishwa namba hii kifaa hiki, wanaishia hapo.

Kijana wa Udom

Hii ya joto tulisoma sekondari kwenye fizikia nikajua ni ya mtihani tu

Mwana Kondoa

Dawa rahisi weka mtungi kwenye beseni la maji ya moto, au ulaze chini kwa ubavu gesi inatoka yote. Bibi yangu anafanya hivyo miaka yote.

Fundi Bomba Ilazo

@Mwana Kondoa nakuheshimu ndugu yangu lakini futa hiyo. Ukiulaza kinachoingia kwenye regulata ni yale maji maji yenyewe sio gesi, yakifika kwenye moto yanatanuka mara mia mbili na ushee, bibi ana bahati. Na mtungi haupashwi kwa maji ya kuchemka wala mkaa wala chochote.

Mleta uzi dawa ni mtungi wa kilo 15, wenye uwezo wanaweka 38. Mtungi mkubwa una mwili mkubwa wa kuvutia joto. Na hita yako kama ina kitufe cha kupunguza moto (zingine wameweka picha ya jua na theluji) usifungue mwisho, punguza gesi na punguza maji kidogo.

Mwana Kondoa

Nimeelewa fundi, nampigia bibi.

Mama Tausi

Kabla hujanunua mtungi naomba niulize kitu kingine kabisa, hita umeifunga ndani ya bafu au nje? Na lile bomba la moshi umelitoa nje?

Kisima Kikavu

Ndani ya bafu juu ya mlango. Bomba la bati lilikuja kwenye boksi ila aliyefunga akasema kwa hita ndogo sio lazima, tukaliweka stoo. Dirisha lipo ila kwa upepo huu wa mwezi wa saba nimeziba na boksi.

Mama Tausi

Baba naomba unisikilize kama dada yako.

Mwaka juzi tulikuwa tunapanga Njedengwa. Hita ndani ya bafu kama yako, bomba la moshi limetoka hatua moja tu likaishia kwenye dari. Ikawa inazima inaandika namba, sio E1, nyingine, sikumbuki. Fundi akaja akafungua, akasema kuna sensa inasumbua, akakata waya mbili akaziunganisha pamoja akafunga na selotepu. Haikuzima tena. Tukamsifia.

Kama wiki mbili nikawa nikitoka kuoga kichwa kinagonga, miguu kama si yangu. Nikasema presha, nikasema damu imepungua, mama mkwe akasema nyumba ina watu wake. Siku hiyo nimeingia kuoga, naona tu taa inakuwa mbali. Mume wangu alisikia ndoo imeanguka akaita sikujibu akapiga mlango teke. Anasema nilikuwa mwekundu wa ajabu. Nilizinduka kwenye oksijeni.

Ile sensa ilikuwa inasema moshi unarudi ndani. Fundi hakuitibu, aliiziba mdomo.

Nesi wa Zamu

Pole sana Mama Tausi. Niongezee tu maana hii tunaiona kila baridi, mwenye hita na mwenye jiko la mkaa chumbani wote wanakuja kwa mlango mmoja. Moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo mwili unakosa hewa huku unapumua vizuri tu. Na kile kifaa cha kubana kidole cha kupimia oksijeni kinadanganyika hapa, kinaweza kuonesha 98 mtu anakaribia kuzimia. Kwahiyo ukifika hospitali sema wazi "nilikuwa naoga na hita ya gesi", usiseme tu kichwa.

Fundi Bomba Ilazo

Mleta uzi mi nimekupa mtungi wa kilo 15 na nakunyang'anya. Usinunue bado. Fikiria: sasa hivi inazima dakika ya 11 kwa sababu mtungi umechoka. Nikikupa mtungi mkubwa itawaka nusu saa bila kupumzika ndani ya bafu uliloziba na boksi. Hiyo E1 ndo ilikuwa inawafungia gesi kabla mambo hayajawa mabaya. Ningekuuliza mapema kosa langu.

Toa boksi dirishani leo. Na msioge na hiyo hita mpaka itoke humo ndani.

Kisima Kikavu

Mmenitisha na nashukuru. Mama watoto wiki hizi analalamika kichwa kila asubuhi akifika kazini, tukasema vumbi la Nzuguni. Nimemsomea huu uzi amekaa kimya tu. Boksi nimelitoa, tumerudi kwenye sufuria.

Mzee wa Miyuji

Mi nilikuwa natania mwanzoni, nisameheni. Mungu awalinde wanangu.

Kisima Kikavu

Wakuu mrejesho wa wiki mbili.

Nilimtafuta Fundi Bomba inbox, kaja mwenyewe. Hita imehamia nje ukuta wa nyuma kwenye kibaraza, bomba la maji ya moto limechimbiwa ukutani mpaka bafuni. Lile bomba la bati lililokuwa stoo likafungwa hata huko nje ili moshi usirudi dirishani. Mtungi wa kilo 15 upo pembeni, viungio vyote kapaka povu la sabuni, kimoja kikatoa mapovu, kile cha kwenye regulata, mpira ulikuwa umepasuka kwa ndani huoni kwa macho.

Siku ya kwanza tukaoga wanne mfululizo, dakika 19, haikusema kitu. Siku ya pili saa mbili usiku E1. Nilikaribia kulia. Kumbe ni upepo! Mnaujua upepo wetu, ulikuwa unaingia kwa chini unazima moto. Fundi kaweka bati la pembeni upande unaotoka upepo, kaacha wazi mbele na chini ipumue. Toka hapo kimya.

Na alivyofungua kuhamisha akanionesha kachujio ka maji pale yanapoingia, kamejaa mchanga na vitu vyeupe. Maji yetu mnayajua, birika la chai ndani limeota mawe. Kasema mwakani niisafishe ndani kwa siki au ile asidi ya limao ya unga, la sivyo itaanza kuandika namba za joto kuzidi. Gharama zote pamoja mtungi zimezidi ile laki na ishirini, sio kidogo, sitawadanganya.

Kichwa cha mama watoto kimeacha.

Zabibu Mbichi

Safi sana. Na yule wa bodi?

Kisima Kikavu

Alipiga simu kuuliza kama nimeshapata hela. Nikamwambia mtungi ulikuwa unasikia baridi. Akakata.

Mtanganyika Leicester

😂😂😂 Hapo kwenye chujio niongeze, huku sehemu zenye maji magumu kuna hita za kampuni ya Rinnai zinaandika kabisa LC, maana yake chokaa imejaa nisafishe. Angalau hiyo inasema ukweli moja kwa moja.

Mama Tausi

Nimefurahi mpaka machozi. Msalimie mama watoto.

Mjukuu wa Mpwapwa

Samahani wakuu kwa kufufua uzi. Na mimi hita yangu imeandika E3 toka jana, nibadilishe nini?

Fundi Bomba Ilazo

Stika mkuu. Piga picha stika. Alafu niambie ilikuwa saa ngapi, na hita imekaa wapi.